Wewe Uliyetabiriwa Kufaulu

Mtanda, Lindi
Jumamosi asubuhi

Venanti, mtani wangu,

Barua tulizofundishwa shuleni huanza kwa kuuliza hali, halafu mtu anasema yeye ni mzima wa afya. Hali yako naijua, kwa hiyo sikuulizi. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, na mama yako alilisema hilo mara tu niliposhuka kwenye basi, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Naandika nikiwa kwenu, kwenye chumba chako cha uani, juu ya ile meza yenye mguu uliofungwa kamba. Nje wanawake wanapepeta mchele. Leo mchana unasimikiwa msalaba wa saruji, mwaka umefika, na watani wote tumeitwa. Iko kazi moja niliyoiacha katikati siku ya mazishi yako, na leo natakiwa niimalize. Sijui kama nitaweza. Ndiyo maana nimejifungia humu badala ya kukaa na wenzangu kwenye ungo.

Nianze na Mtabiri, maana najua ungemuuliza yeye kwanza. Yupo. Bado anafundisha fiziolojia pale chuoni, bado anavaa ile tai ya kahawia, na bado anataka kujua mapema, kabla ya mtihani wowote, nani kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuwa daktari na nani atadisko arudi kwao. Unazikumbuka karatasi zake? Zilitukuta hata magodoro hatujayatandika. Alama zako za kidato cha sita. Shule uliyosoma. Kazi ya baba. Saa unazojisomea kwa siku. Na mwisho kabisa, kwa waliotoka shule moja, andika ni nani kati ya wenzako unayeamini atafaulu, na ni nani unayeona atashindwa.

Wewe uliandika jina langu upande wa watakaoshindwa, tena ukaongeza maelezo ambayo hayakuombwa na mtu: "Huyu ni Mmwera wa Kitomanga. Akiona damu atakimbia mpaka kwao bila viatu." Ulikuja kunionyesha kabla hujaikabidhi, unacheka mpaka mabega yanatikisika. Nami nilicheka. Mmakonde na Mmwera, tungefanya nini kingine? Tangu kidato cha kwanza hapa Lindi hujawahi kusema neno jema juu yangu mbele za watu, wala mimi juu yako. Nilipokuwa wa kwanza kwa baiolojia ulitangaza darasa zima kwamba mwalimu kahongwa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Ulipofanywa kiranja nilisema shule imekwisha, sasa inatawaliwa na wala panya. Watu wa bara waliokuwa wakitusikia walidhani tuna kesi.

Na ulianza wewe. Siku ya kwanza kabisa nilikuona unapita kwenye varanda ya shule, kifua mbele, mikono nyuma, unachungulia kila darasa kama mkaguzi aliyetumwa kuhesabu viti. Nikadhani ni mwalimu. Nikasimama kando, nikakuamkia shikamoo kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani. Ukaitika "Marahaba, mwanangu, mama hajambo?" bila kutabasamu hata kidogo, ukaendelea na safari yako. Baada ya kengele nikakukuta umekaa dawati la nyuma yangu na kaptula yako ya kidato cha kwanza. Hukunisamehe shikamoo ile mpaka unakufa, na mimi sikukusamehe marahaba yako.

Lakini karatasi ya Mtabiri sikuifanyia utani. Nini kiliniingia sijui. Niliandika jina lako upande wa watakaofaulu, la kwanza kabisa, na niliamini kila herufi. Nilipokuambia ulinuna, ukanuna kweli kweli. "Mtani gani wewe? Unanisifia? Umeshaliona kaburi langu?"

Maneno hayo bado nayasikia, Venanti. Nayasikia nikiwa nafua, nikiwa darasani, nikiwa nala.

Mtabiri kwao ni mbali huko ng'ambo ya ziwa, na mambo yetu ya utani hakuyajua. Alichukua kila neno kama lilivyoandikwa. Ndipo nikajikuta kwenye kundi la walio hatarini, na sababu mojawapo ni kwamba mtu aliyenifahamu kwa miaka yote ya sekondari ameandika nitashindwa. Nilikuchukia wiki nzima. Kila alasiri wenzangu wakienda kupunga upepo mimi nilikuwa kwenye masomo ya ziada, narudia mifupa ya mkono na wenzangu walioonekana dhaifu. Nikipata alama mbaya naitwa ofisini wino haujakauka. Nimelala wapi, nimekula nini, nina tatizo gani, nyumbani wazima? Nilikuwa naona aibu kuulizwa. Kumbe nilikuwa nabebwa, na aliyenipandisha mgongoni ni wewe na utani wako.

Wewe ulikuwa salama. Ndivyo walivyoliita kundi lako, salama. Mtabiri alikushika bega mbele ya darasa akasema vijana wa namna hii hawahitaji kusukumwa. Mkuu wetu wa shule alikuwa amesema hivyo hivyo, na padri wenu, na mama yako, na wanunuzi wa korosho waliofungua maghala mjini baada ya biashara kuachiwa huru, ambao ulikuwa unawasaidia hesabu wakati wa likizo. Mji mzima ulishakubali. Mtu aliyekwisha kukubaliwa na mji mzima nani atamuuliza kama amelala?

Nakumbuka ile meza yetu ya anatomia. Kundi letu lilipewa maiti ya mzee mmoja, mrefu, mwenye mvi kifuani. Siku ya kwanza wengine walitapika, mimi nilijua unanitazama uone kama nitakimbia. Wewe ukasogea, ukainama kidogo, ukasema, "Shikamoo, mzee." Tukacheka kwa woga. Lakini kesho yake ukasema tena, na keshokutwa, na kabla mwezi haujaisha kundi zima lilikuwa halishiki kisu mpaka mzee ameamkiwa. Nimewaachia desturi hiyo wa nyuma yetu. Hawajui imetoka wapi.

Halafu ukaanza kuumwa kichwa.

Ulisema ni harufu ya dawa za maiti. Ukiamka unatapika, ukasema ni chakula cha kantini, nasi tukakubali, maana chakula chenyewe kila mtu alikijua. Ukawa unasoma umefumba jicho moja. Ukasema herufi zinakuja mbili mbili, basi ukaenda kwenye mitumba, ukachagua miwani kwenye fungu la mikanda na soksi za Wazungu, fremu kubwa za kike, ukarudi nazo umevaa. Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini. Nilikuita bibi harusi. Ukaanza kuyumba ukitembea, unaegemea ukuta wa korido kama unaupima, nami nikatangazia wenzetu kwamba Mmakonde kapokea dumu la uraka, pombe ya mabibo, kutoka kwao, analimaliza peke yake. Ulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba ulicheka, halafu ukashika kichwa.

Sitajipiga kifua hapa. Tulikuwa mwaka wa kwanza, tulijua majina ya mifupa na hatukujua ugonjwa hata mmoja. Ninaloumia ni jingine. Chuo kile kiligusana ukuta na hospitali. Tulipimwa kila kitu, tuliandikwa, tulipangwa makundi, akili zetu zilipigiwa hesabu. Na kichwa chako hakuna aliyekishika. Ulipoanza kushuka, wale waliosema huhitaji kusukumwa walisema umelewa sifa. Wengine walisema wasichana. Hukuitwa ofisini hata siku moja, kwa sababu karatasi ilisema salama.

Ukafeli. Ukapewa mtihani wa marudio, ukafeli tena. Siku matokeo yalipobandikwa nilisoma jina langu, nimepita, halafu nikatafuta lako mahali pa juu, nikashuka, nikashuka, nikadhani wamelisahau. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na miwani yako ya bibi harusi. Ulisema, "Mmwera, nisomee, mimi sioni vizuri." Nikakusomea. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na nimeshapasua watu.

Mama yako amenisimulia ulivyorudi. Kwamba uliwaambia watu ni likizo ndefu. Kwamba vijana wa barazani walikuwa wakikuita dokta, habari za chuo, nawe unajibu nzuri tu, unapita. Kwamba ulikuwa unashika mizani kwa mnunuzi wa korosho, mpaka siku moja ukasoma uzito vibaya, naye akakuambia upumzike. Halafu zikaja mvua za masika, ukaanguka uani, ukalazwa hapa hospitali ya mkoa. Daktari alitaka upelekwe Dar. Barabara ilikuwa imekatika kule Rufiji. Ulifariki maji yakiwa bado hayajapungua.

Mimi nilikuwa Kitomanga, nimekuja likizo kabla ya mvua. Habari ilipofika, bibi yangu alijifunga kanga yake ya misiba akasema twende, mla panya kafa, atazikwaje bila sisi? Hakuwa anacheka, lakini unamjua, akishakuwa mtani hawezi kusema kwa njia nyingine. Tukaja.

Asubuhi ya mazishi nilipita kwanza hospitali. Nilijitambulisha mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili. Daktari aliyekuhudumia alinieleza taratibu, kwa heshima kabisa, kama ananifundisha. Uvimbe ndani ya kichwa. Maumivu ya asubuhi, kutapika, kuona viwili viwili, kuyumba. Akasema hasa kule kuyumba, kulimwonyesha ni sehemu gani ya ubongo. Nilimshukuru nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za wodi mpaka bibi akatuma mtu kuniita.

Unajua kazi ya mtani msibani. Watani ndio walioosha vyombo, ndio waliobishana na waliochimba kaburi, ndio waliomkataza mama yako kulia mpaka wao kwanza watoe machozi. Na mtani wa karibu ndiye anayemvaa marehemu. Bibi alitoa koti lako jeupe la maabara kwenye sanduku, na miwani, akanivisha mbele ya watu wote. "Haya, tuonyeshe Mmakonde wenu alivyokuwa." Nikasimama. Na mwili wangu, Venanti, ukafanya wenyewe kile ulichozoea kukifanya nilipokuwa nakuigiza chuoni. Nikaegemea ukuta. Nikayumba. Nikafumba jicho moja. Watu wakaangua kicheko, vijana wa barazani wakapiga makofi, hata mama yako, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu asubuhi, akacheka huku anajifuta.

Hapo ndipo nilipoelewa nacheza nini. Nilikuwa nachekesha watu kwa ugonjwa uliokuua. Miguu ikagoma. Nikavua koti, nikalikunja, nikalirudisha kwa bibi, nikakaa. Kicheko kikafa. Hakuna mtani mwingine aliyethubutu kuendelea, maana koti lilikuwa limeshavaliwa. Tulikuzika kimya kabisa, kama mtu asiye na watani. Bibi hakunisemesha njia nzima mpaka Kitomanga, na alipofungua kinywa alisema tu kwamba nimemwacha mwenzangu mlangoni, hayuko ndani wala nje.

Baada ya hapo nimerudi chuo, nimemaliza mwaka wa pili, sasa niko wa tatu. Mambo yanabadilika upesi. Tumetangaziwa kuchangia gharama, wengine wanauza sabuni na vocha za chakula mabwenini. Bwana mdogo mmoja wa Njinjo kaingia mwaka huu, nilimsikia anavyosema nikajua ni wa kwetu. Mimi sasa nahesabiwa kati ya wazuri. Ndiyo, cheka.

Wapya walipofika mwaka huu, Mtabiri aliniita ofisini. Alikuwa amemaliza kazi yake juu ya mwaka wetu, ana michoro ukutani, anataka nimsaidie kugawa karatasi kwa wapya. Nikamuuliza, wewe uko wapi kwenye michoro ile? Aliondoa miwani akaifuta. Si mtu mbaya, ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Akasema uliondolewa. Mtu aliyekufa hahesabiwi, kwa kuwa hatujui angefikia wapi, na jina lako lilikuwa linaharibu mstari. Bila wewe mstari unanyooka.

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi aniondoe. Mimi nilitabiriwa kufeli kwa utani, na wewe ulitabiriwa kufaulu kwa ukweli, sasa huo mstari wake unapita wapi? Badala yake nikamwomba kitu kimoja tu, aongeze swali mwishoni: unaumwa mahali popote? Akafikiri, akasema kwa upole kwamba hilo haliwezi kutabiri kitu. Nikabeba karatasi zake kama zilivyo, nikaenda kuzigawa. Na kila aliyenirudishia yake nilimuuliza kwa mdomo. Wengi walishangaa. Yule wa Njinjo alisema hana tatizo, halafu akarudi kesho yake akasema anakojoa damu na anaogopa kusema asije akaonekana dhaifu. Nikampeleka mwenyewe. Ilikuwa kichocho tu, keshapewa dawa. Jambo dogo. Nililia hata hivyo, kwenye choo cha wagonjwa wa nje, kwa sababu ilikuwa rahisi mno.

Sasa nije kwenye la leo. Nilipofika juzi, mama yako aliweka koti lako kitandani, limefuliwa, limepigwa pasi. Akasema, "Mtani, msiba wa mwanangu haujachekwa. Mwaka mzima umekaa humu ndani. Watu wanaingia wananipa pole, wananong'ona, wanatoka. Nimechoka kunong'onewa."

Jana jioni nikajikaza nikamwambia. Mama, ule mwendo niliouigiza ulikuwa ugonjwa. Siwezi kuurudia.

Alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha. "Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kumpeleka uani. Unadhani sikujua?" Akamenya mwingine. "Shida yangu siyo hiyo. Shida yangu nikifumba macho namwona anayumba tu. Ule mwendo wake wa zamani umenitoka, mwanangu. Nautafuta siupati. Wewe umesoma naye. Unao?"

Nikamwambia ninao.

"Basi nionyeshe huo."

Nimejaribu alfajiri hii humu chumbani, mlango nimeufunga. Viatu vyako nimevijaza magazeti. Kifua mbele, mikono nyuma, hatua za haraka, halafu simama ghafla mlangoni uchungulie kama mkaguzi. Mara ya kwanza nilikosea, nikaanza kuegemea ukuta bila kutaka. Nikarudi mwanzo. Nimezunguka meza hii mpaka miguu ikakumbuka, na nilipopita mbele ya kile kioo chako kilichopasuka nilikuona, Venanti, kwa kitambo kidogo. Nilishika meza. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Iliniuma vibaya sana. Lakini ulikuwa wima.

Bibi ananiita sasa, anagonga mlango kwa fimbo, anauliza kama Mmwera kakimbilia Kitomanga bila viatu. Nadhani nilimsimulia maneno yako.

Nakuahidi haya. Kila mwaka wapya wakija, maadamu niko pale, nitawauliza lile swali, wawe salama au hatarini, na nitaanza na wale walio salama. Na hutasifiwa na mimi tena. Leo mbele ya watu nitasema ulikuwa mchoyo, mla panya, mwongo, uliyejifanya mwalimu na kaptula yako. Mama yako atacheka mpaka mwisho, sitamkatiza.

Kisha nitatembea kwa mwendo wako mpaka penye msalaba, nisimame kando kwa adabu, nikuamkie kama siku ile kwenye varanda. Shikamoo, Venanti. Siku ile uliitika hata kabla sijamaliza kuinama. Leo usipoitika, ndipo nitaamini.

Kwaheri, mtani.

Wako,
Somoe